Laptopu ya bajeti ndogo: usinunue stika, nunua mashine inayofunguka



Vyuo vikikaribia kufunguliwa, swali pale Mwenge huwa ni lile lile: "Nina hela kidogo, nataka laptopu, nichukue ipi?" Wengi wanaouliza ni vijana ambao kazi zao zote wanafanyia intaneti kafe kwa kulipia saa, au wanaazima mashine ya rafiki mpaka rafiki anachoka. Hela yenyewe imetoka kwenye boom, au mzee kijijini kauza mahindi, au ni akiba ya mwaka mzima ya kijana wa bodaboda anayetaka kujifunza kudizaini. Ni hela ya kutoka mara moja. Ukikosea hakuna nyingine nyuma yake, na ukutani dukani kibao kinakusubiri: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Usinunue kwa kuangalia stika ya "i7" wala maneno ya "ina 1TB". Angalia mambo mawili: prosesa ni ya kizazi cha ngapi, na je, RAM na diski zake zinabadilishika? Halafu usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza kiasi cha kuiboresha. Anayefanya hivyo mara nyingi anaishia na mashine nzuri kuliko aliyemwaga hela yote siku moja. Sasa tuchambue.

MASHINE HIZI ZINATOKA WAPI

Laptopu nyingi za mtumba tunazoziona Mwenge, Makumbusho na Kariakoo ni zile za kiofisi: Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook, Lenovo ThinkPad. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanazinunua kwa mamia, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu minne, kisha zinauzwa kwa mkupuo. Nyingi hupitia kwa wafanyabiashara wa Dubai kabla hazijafika bandarini kwetu.

Hiyo ni habari njema. Mashine za kiofisi zimetengenezwa ziwe imara na ziwe rahisi kufanyiwa matengenezo, kwa sababu kampuni yenye mashine elfu moja haitaki kutupa mashine nzima kwa sababu ya RAM. Vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wetu wanazijua kama wanavyojua Toyota. Kwa bajeti ndogo, mtumba wa kiofisi mara nyingi unaishinda laptopu mpya ya bei ya chini. Sababu yake nitaisema huko mbele.

Habari mbaya ni kwamba zinafika zikiwa mchanganyiko. Nzima, nusu nzima, zilizofungwa na kampuni ya mwanzo, na zilizochakachuliwa njiani. Zote zinapangwa rafu moja, zimefutwa zinang'aa.

KWA NINI OKTOBA 2025 INAKUHUSU

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine yenye Windows 10 inaendelea kuwaka kama kawaida, ila haipati tena apdeti za bure za usalama kama zamani. Waliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, lakini nao waliupa mwisho: Oktoba 2026.

Mrithi wake ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, na hiyo inachagua. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Kwa AMD angalia jina kamili la prosesa kwenye orodha ya Microsoft kabla hujalipa.

Sasa unganisha mambo. Makampuni huko nje yana mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo haziingii rasmi kwenye Windows 11. Wanazitoa. Zikifika huku utasikia, "Kaka, hii ni i7, bei chee, inapaa!" Inapaa kweli, ila unatakiwa ujue unanunua kitu gani na utakitumiaje. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizo na ikaingia, lakini Microsoft wenyewe hawaahidi apdeti kwa mashine ya namna hiyo.

i7 SI LAZIMA IMSHINDE i5

Hapa ndipo vijana wengi wanapoingia mkenge. Stika ya i3, i5 au i7 inakuambia daraja ndani ya kizazi kimoja. Haikuambii kizazi.

Kizazi unakisoma kwenye namba baada ya kistari. Chukua i7-6600U: namba ya kwanza ni 6, basi ni kizazi cha 6. Chukua i5-8250U: ni kizazi cha 8. Namba zikianza na 10, 11 au 12, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11.

Sasa linganisha hizo mbili za kwanza. i7-6600U ina kori 2. i5-8250U, iliyotoka 2017, ina kori 4. Kori ni kama mafundi ndani ya karakana: mafundi wanne wanagawana kazi nyingi kuliko wawili, hata kama karakana ya wawili ina bango kubwa zaidi nje. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaiacha i7 ya kizazi cha 6 kwenye kazi nyingi za leo, na juu ya hapo inakubalika Windows 11. Ukiona duka linauza hizo mbili kwa bei zinazokaribiana, usisumbuke na stika.

Mwenge tunaijua kwa vinyago. Mteja mjanja wa kinyago hauangalii weusi tu, maana mti wowote ukipakwa kiwi unakuwa mweusi. Anakipima uzito, anakigeuza chini, anakikwaruza kidogo aone kama ni mpingo. Fanya hivyo hivyo kwenye laptopu.

"FUL BOKSI" NAYO INA MTEGO

Wengine wanasema mtumba hapana, nataka mpya, ful boksi, na gundi haijabanduliwa. Sawa, mpya ina raha yake na ina waranti. Lakini angalia kilicho ndani ya mpya za bei ya chini kabisa. Nyingi zina prosesa ya Celeron, kwa mfano N4020 ya mwaka 2019 yenye kori 2 tu, RAM ya GB 4, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Hiyo eMMC ni chipu ya aina ile ile ya kwenye simu za bei rahisi, na mara nyingi imechomelewa kwenye madabodi pamoja na RAM yake.

Maana yake nini? Windows 11 ikishakaa na apdeti zake, nafasi inabaki kiduchu. Baada ya miezi kadhaa mashine inaanza kulia imejaa, na huwezi kuongeza chochote. Umenunua kitu kipya ambacho hakina pa kukua. Kwa kuandika na kusoma barua pepe itakusogeza. Kwa miaka mitatu ya chuo itakutesa.

JE, INAFUNGUKA?

Nikisema "inafunguka" namaanisha hivi: ukifungua mfuniko wa chini, unakuta RAM imechomekwa kwenye sloti na diski imefungwa kwa skrubu, kiasi kwamba unaweza kutoa na kuweka nyingine. Kinyume chake ni mashine ambayo RAM yake imechomelewa kiwandani. Hiyo ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa.

Mifano ya zinazofunguka vizuri, zote za kizazi cha mwaka 2018: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 5490 na 7490. Zote zina sloti mbili za RAM aina ya DDR4. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja unaichomoa nje kwa mkono. Ila angalizo: modeli hizi baadhi zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Kwa hiyo jina la modeli halitoshi, soma na prosesa.

Mifano ya kuwa nayo makini: ThinkPad T490 ina sloti moja tu, RAM nyingine imechomelewa. ThinkPad X1 Carbon ni nyembamba na nzuri sana, lakini RAM yote imechomelewa. MacBook Air vile vile. Sisemi usizinunue. Nasema ukizinunua, nunua zikiwa tayari na RAM unayoihitaji, maana hakuna kuongeza.

Na prosesa je? Kwenye laptopu hizi haibadilishwi, imechomelewa. Ndiyo maana kizazi cha prosesa ndicho kitu cha kwanza kuchagua: RAM utaongeza, diski utabadili, prosesa utaishi nayo.

GAWANYA HELA YAKO

Tuseme una laki 6. Huu ni mfano wa mgawanyo tu, si bei ya soko. Usiende dukani kutafuta mashine ya laki 6. Tafuta ya laki 4 na nusu hadi laki 5 yenye prosesa nzuri na mwili mzima, hata kama ina diski ndogo au RAM ya GB 8. Kinachobaki ndicho cha maboresho, kwa mpangilio huu:

1. SSD kwanza. Kama mashine bado ina diski ya zamani inayozunguka, hapo ndipo hela yako itafanya miujiza. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika MB 500 na ushee, na zile za NVMe hupita elfu kadhaa. Tena tofauti kubwa ni kwenye kutafuta mafaili madogo madogo, na Windows kazi yake ni hiyo kutwa nzima. Mashine iliyokuwa inawaka dakika mbili itawaka ndani ya sekunde chache. Uliza kwanza mashine yako inapokea SSD ya umbo gani, maana ya SATA na ya NVMe haziingiliani kila mahali.

2. RAM ya pili. GB 4 leo ni mateso. GB 8 inatosha kuandika, kuperuzi, kutazama filamu na kazi nyingi za chuo. GB 16 ni ya wanaohariri video, wanaochora majengo na wanaoandika programu. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, kwa hiyo usinunue RAM kabla hujajua ya kwako ni ipi. Na kumbuka, mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kwa hiyo uliza bei ya RAM kabla ya kununua mashine. Kama tofauti ya bei kati ya mashine ya GB 8 na ya GB 16 ni ndogo kuliko RAM yenyewe, chukua ya GB 16 moja kwa moja.

3. Betri ya tatu. Unakopanga umeme unakatika, na maktaba soketi hazitoshi. Betri mbovu inaigeuza laptopu kuwa kompyuta ya mezani.

DAKIKA 15 ZA UKAGUZI

Usilipe kabla hujafanya haya. Muuzaji akikataa usikague, hilo ni jibu tosha. Sema tu, "Bosi, asante, nitarudi."

- Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager. Nenda Performance. Kwenye CPU utaona jina kamili la prosesa. Kwenye Memory utaona "Slots used", mfano 1 of 2, maana yake kuna sloti moja wazi. Hapo hapo kuna "Form factor": ikisema SODIMM, RAM inachomoka. Ikisema Row of chips, imechomelewa. Umeshajua bila kushika bisibisi.

- Bonyeza Windows+R, andika tpm.msc. Uone kama kuna TPM na ni toleo la 2.0.

- Betri: fungua cmd, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili, na pale kwenye skrini itakuambia imeliweka wapi. Lifungue, linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki asilimia 60. Hapo una hoja ya kushushiwa bei.

- Diski: beba flashi yenye programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Inakuambia afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Ikiandika Caution au Bad, diski hiyo ihesabu haipo.

- Zima, washa, ingia BIOS. Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, achana nayo.

- Unganisha intaneti ya simu yako. Kama Windows imewekwa upya na ikaleta ukurasa wa kampuni fulani ya nje inayotaka barua pepe ya mfanyakazi, mashine hiyo bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza. Leo wataipitisha kwa ujanja, kesho ukiweka Windows upya inajifunga tena.

- Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo, tafuta madoa na mistari. Bonyeza herufi zote. Kama inatoka Ujerumani au Ufaransa, herufi za kibodi zimepangwa tofauti, jiulize kama utaweza. Jaribu kamera, spika, tundu zote za USB, na bawaba za kioo.

- Chomoa chaja, cheza video dakika kumi. Sikiliza feni, shika upande wa chini uone joto.

- Chaja nayo ikague. Dell ikishindwa kuitambua chaja, hukataa kuchaji betri na kujipunguza kasi. Utadhani mashine mbovu kumbe ni chaja ya kuunga unga.

KWA FUNDI

Kazi ya kubadili SSD na RAM ni ya nusu saa. Kaa pale pale, usiache mashine ukaenda kula. Siwasemi mafundi wote vibaya, wengi ni waaminifu na wanaishi kwa jina lao. Lakini piga picha ya ulichokuja nacho kabla mfuniko haujafunguliwa na ukishafunguliwa, ibaki wazi kwa wote wawili. Kazi ikiisha, fungua tena Task Manager uhakikishe GB ulizolipia zipo. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya yote. Na kwa kuwa mashine iko wazi, mwombe apulize vumbi kwenye feni na kubadili pesti ya kupoza prosesa kama imekauka. Vumbi la Dar ni adui kuliko virusi.

WINDOWS YA KUKRAKI

Mashine nyingi za kiofisi za miaka hii zina leseni ya Windows ndani ya BIOS yake tangu kiwandani. Ukiweka toleo lile lile upya na kuunganisha intaneti, inajiwasha leseni yenyewe. Kwa hiyo mwambie fundi asikimbilie kukraki. Programu ya kukraki inaombwa izimishiwe ulinzi wa mashine kwanza, na hapo hujui kingine kilichoingia nayo. Wewe ndiye unayeingia benki na barua pepe kwa mashine hiyo.

Na kama hela imeruhusu kizazi cha 6 au cha 7 tu, usikate tamaa. Weka SSD na GB 8, kisha weka Linux Mint au Ubuntu, ni bure na apdeti zinakuja. LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004, hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu. Ila kama kozi yako inalazimisha programu ya Windows pekee, uliza chuoni kwanza.

KARATASI

Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe. Kama mmekubaliana waranti ya mwezi, iandikwe pia, maneno ya mdomo hayana mhuri. Risiti inakulinda mara mbili. Kwanza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja, na bila karatasi huna pa kuanzia. Pili, ukinunua kichochoroni kwa mtu asiye na duka, inaweza kuwa ya wizi, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Polisi wataikuta kwako, si kwake.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hii huku saa ya kafe inahesabu: usiende dukani na swali la "ipi nzuri?" Nenda na flashi mfukoni, namba ya kizazi kichwani, na hela ya SSD umeitenga pembeni. Muuzaji akiona unafungua Task Manager, hata bei ataanza kuisema kwa adabu.

Wenye uzoefu na modeli nyingine waongezee.